Siku yangu na bodi ya mita ya ESR

Saa 12 asubuhi. Banda langu la ufundi hapa Mbagala bado limefungwa, mimi niko kwenye laptop na KiCad, programu ya kuchorea bodi za umeme. Nachora bodi ya mita ya ESR, yaani ya kupima ukinzani wa ndani wa kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme. Multimita inaweza kukuonyesha mikrofaradi 1000 kamili, kumbe ukinzani umeshapanda hadi omu kadhaa na TV haiwaki. Kapasita za hivyo zimenimalizia siku nyingi mno.

Saa 3. Wateja: feni, chaja, redio.

Saa 6 mchana, nikila, macho yako kwenye mchoro. Kila ncha ya kupimia nimeipa njia moja ya shaba, upana nusu milimita, urefu sentimita 5. Shaba ya bodi ya kawaida ina unene wa mikromita 35, kwa hiyo njia hiyo peke yake ina karibu omu 0.05. Kapasita nzima nayo huweza kuwa na kiasi hichohicho! Mita yangu ingekuwa inajipima yenyewe. Nafuta, nachora njia nne: mbili za kupeleka mkondo wa kilohezi 100, mbili za kusoma volti, zikutane kwenye ncha tu. Volti naishusha hadi kama 0.1, ili daiodi na transista za jirani zisiamke. Hapo kapasita inapimwa bila kung'olewa.

Saa 9. Steshenari, nachapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya jarida inayong'aa. Kisha pasi ya moto juu ya bodi, wino uhamie kwenye shaba.

Saa 11 jioni. Feri kloraidi, kemikali ya kula shaba isiyo na wino, kwenye beseni la plastiki, glavu mkononi. Dogo anayejifunza kwangu anatikisa polepole. Shaba inaanza kuliwa pembezoni, manjano ya bodi yanachungulia.

"Kaka, inatoka!"

"Usiache kutikisa."

Saa 1 usiku. Natoboa kwa biti ya milimita 0.8. Njia moja imekatika pale pasi haikushika vizuri. Naiunga kwa kawaya.

Saa 3. Najaribu mita kwa rezista ya omu 1: inasoma 1.0. Nashika TV ya mama mmoja wa jirani, imekaa hapa tangu Jumanne. Kapasita ya pawa, haijavimba hata kidogo: omu 6. Nabadilisha, nachomeka. Taa nyekundu iliyokuwa ikipepesa siku zote hizi imetulia.