Siku moja maishani mwangu: dereva wa minibasi Lincoln na manavigeta waliotekwa

Saa 11 alfajiri
Nimeamka kabla ya alamu. Mimi mtu wa Tanga, naendesha minibasi ya viti 16 hapa Lincoln, Uingereza, huu mwaka wa tisa. Siku nyingi nabeba wanafunzi na wagonjwa wa kliniki, ila leo ni ile safari naisubiria kila mwezi wa tano, nawapeleka wazee 11 kwenye mnara wa kumbukumbu ya wale vijana wa ndege za mabomu wa vita ya pili ya dunia. Nimekunywa chai haraka, nimetoka nje na tochi, nakagua tairi, taa, oili, mkanda mmoja mmoja, naandika kwenye fomu na saa niliyokagua. Kuandika saa ndio kazi yangu na ndio maana nawapenda manavigeta, wale wa kutafuta njia ndani ya ndege, kuliko marubani, ntaeleza.

Saa 2 asubuhi
Nawachukua nyumba ya wazee. Kupandisha watu 11 wenye magongo ni nusu saa nzima na sina haraka. Kuna bibi mmoja amepita miaka themanini, kakaa kiti cha nyuma yangu, mapajani ana kitu amekizungushia skafu ya bluu hataki kukiweka chini. Baba yake alikuwa navigeta, ndege ikatunguliwa, akakaa mateka Ujerumani mpaka vita inaisha. Nikamwambia leo bibi unanisimulia yote, akacheka akasema wewe endesha kwanza.

Saa 4 asubuhi
Tumefika Canwick Hill. Mnara una urefu wa kama mita 31, wameuchukua sawasawa na upana wa mbawa za Lancaster, ile ndege kubwa ya mabomu ya mwingereza, toka ncha hadi ncha, na pembeni kuna kuta za chuma za rangi ya kutu zimetobolewa majina, karibu 58,000. Ukisimama pale unaona kanisa kuu la Lincoln ng'ambo ya bonde, lile lile vijana walikuwa wanalitafuta kwa macho wakirudi alfajiri. Kwenye kikosi chao cha mabomu waliruka watu kama 125,000, waliokufa 55,573. Yaani chukua vijana kumi, zaidi ya wanne hawarudi.

Sasa huyu navigeta. Lancaster inabeba watu saba, rubani anashika usukani lakini anayejua mko wapi ni mmoja tu, kakaa nyuma ya pazia ili taa yake isionekane nje, kageukia kushoto kwenye meza ndogo ya ramani, ana penseli, rula, saa, na kila dakika sita anatakiwa ajue ndege iko wapi na aandike. Kwanini sita? Kwa sababu dakika sita ni sehemu ya kumi ya saa, kwahiyo kama mnakwenda maili 200 kwa saa basi hapo mmekula maili 20, hesabu inafanyika hata vidole vikiwa vimeganda na makombora ya mizinga yanapasuka nje. Adui wake mkubwa kwenye ile karatasi ni upepo, unawasukuma pembeni gizani bila nyie kuhisi chochote, akiukosea mnadondosha mabomu shambani au mnarudi mnaikosa Uingereza mnaishia baharini mafuta yamekwisha. Na wengine walipima nyota. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi, alikuwa akituonyesha kilimia na kutwambia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kwetu pwani neno rubani lilikuwa la yule anayeijua njia ya maji, anayeupitisha mlango jahazi likaingia salama. Kwa maana ile ya zamani rubani wa Lancaster alikuwa ni yule wa nyuma ya pazia.

Majina ya kutani ni ya waliokufa tu. Mateka waliorudi hawamo, na bibi baba yake hayumo, lakini alisimama muda mrefu kwenye majina ya wenzake wanne wa ndege ile ile, akayapapasa kwa kidole moja moja. Mi nikasogea mbali.

Saa 7 mchana
Wazee wanakula, mimi nimempigia baba mdogo Tanga, huko saa tisa. Babu yangu, baba yake yeye na baba yangu, alikuwa Keya, lile jeshi la mwingereza la askari waafrika wa Afrika Mashariki, alipigana Burma 1944, tumekua na stori za mvua na ruba na bonde la Kabaw.
"Shikamoo baba mdogo."
"Marahaba mwanangu, hujambo? Baridi?"
"Sijambo, leo jua lipo. Baba mdogo, unajua kulikuwa na mwafrika navigeta kwenye ndege za mabomu za mwingereza? Afisa kabisa."
Kimya. "Mweusi? Afisa? Acha bwana."

Nikamsimulia Johnny Smythe. Mzaliwa wa Freetown, Sierra Leone, 1915. Mpaka 1939 jeshi la anga la Uingereza lilikuwa haliwapi weusi uafisa, vita ilivyoanza wakaondoa lile katazo, jamaa akajitolea akasomea unavigeta. Kwenye Keya enzi hizo mwafrika hata apigane vipi uafisa hapewi, ndio maana baba mdogo alikaa kimya. Smythe akawa kwenye ndege za Stirling, kikosi namba 623, akaruka safari zaidi ya ishirini mpaka Novemba 1943 ndege yake ikapigwa juu ya Ujerumani, vipande vya chuma vikamuingia ubavuni, akaruka na parachuti anavuja damu, akajificha kwenye banda la shamba, wajerumani wakalimiminia risasi lile banda mpaka akajitoa. Wakakuta mtu mweusi mrefu zaidi ya futi sita na vyeo vya afisa begani, wakabaki wanamshangaa. Wakampeleka Barth, kwenye bahari ya Baltiki, kambi ya mateka ya Stalag Luft I. Humo alikuwa kwenye kamati ya kupanga watoroke wenzake, yeye mwenyewe asingeweza, angepita wapi na ile rangi na ule urefu asionekane? Hapo ndipo roho yangu inaumia, mtu kazi yake ni kutafuta njia ya kurudi nyumbani, anawatafutia wengine njia ambayo yeye hawezi kuipita. Warusi wakafika pale mwanzoni mwa Mei 1945. Miaka mitatu baadae 1948 ndio alikuwa afisa wa kusimamia abiria kwenye meli ya Empire Windrush, ile iliyoleta watu wa Karibi kuhamia Uingereza, alafu akasomea sheria akarudi kwao akawa mwanasheria mkuu wa serikali.

Baba mdogo akasema, "Niandikie hilo jina. Nataka nimwonyeshe mwalimu wa msikitini, yule alikuwa anafundisha historia."

Saa 8 na nusu mchana
East Kirkby, uwanja wa zamani wa ndege za vita ambao sasa ni makumbusho, kama saa nzima kwa njia za mashambani. Hapa wana Lancaster ambayo injini zake nne bado zinawaka, inatembea kwenye nyasi ila hairuki. Mwaka jana waliniruhusu kuingia ndani, kupita katikati kuna boriti kubwa la chuma la mbawa lazima ulipande kama unaruka ukuta, nikajiuliza navigeta aliyejeruhiwa alilivuka vipi gizani ndege inawaka moto. Meza yake ni ndogo, ukifungua gazeti juu yake linaning'inia pembeni.

Leo tumekaa nje na bibi na ndio akafungua skafu. Kikombe. Kopo la maziwa ya unga, yale ya kwenye vifurushi vya msalaba mwekundu, baba yake alilikata na kuliwekea mkono wa bati. Bibi akanambia chumba chao kilikuwa na watu 14 na mkate mmoja mweusi, na wenzake walimchagua baba yake awe anaukata kwa vile alikuwa navigeta, anajua kupima, akatengeneza rula ya ubao na kuchora mistari. Sheria ilikuwa anayekata anachukua kipande cha mwisho kinachobaki. Aliukata hivyo mwaka mmoja na zaidi. Aliporudi nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kushika kisu cha mkate mpaka anakufa, na yeye mwenyewe siku zote alikula mwisho, watoto walidhani ni ukali.

Nikamsimulia Smythe, nikamtajia na Cy Grant, mtu wa Guyana, navigeta aliyeruka toka Elsham Wolds, mkoa wetu huu huu, wakaangukia Uholanzi Juni 1943, wenzake wawili wakafa. Wajerumani walimpiga picha wakaiweka gazetini wakaandika ni mtu wa asili isiyojulikana. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua yuko wapi kila dakika sita! Bibi akasema baba yake, aliyekuwa mateka huko huko Barth kama Smythe, hakuwahi kumtaja mweusi yeyote, labda hakumuona, kambi mwishoni ilikuwa na watu kama 9,000. Alafu akafikiri akasema, au hatukumuuliza.

Saa 11 jioni
Nimewarudisha wote, wengi wamelala njiani. Nimeandika saa.

Saa 1 jioni
Nafagia gari nikaona kitu cha bluu chini ya kiti cha pili. Skafu, na kikombe ndani. Mikono ilinitetemeka aisee, nikawaza kingekanyagwa. Sikupiga simu, nikageuza gari moja kwa moja.

Bibi kafungua mlango mwenyewe, kumbe alikuwa hata hajajua. Akakipokea, akapitisha kidole kwenye mdomo wa kikombe, pale baba yake alipokunja bati lisimkate mtu, akazunguka mzunguko mzima kama anahakikisha bado kiko sawa. Akasema subiri. Akaenda jikoni taratibu na gongo lake, akarudi na vipande viwili vya mkate na siagi kwenye foili, vimekatwa sawa sawa kabisa. Nimevila nikiwa bado nimepaki nje kwake, injini imezimwa.