Siku moja ya mkuu wa maktaba: riwaya moja, miisho miwili

Saa 11 alfajiri. Chai ya tangawizi, taa ya mezani, na P. G. Wodehouse, Mwingereza mwandishi wa riwaya za kuchekesha. Ndiyo saa yangu pekee ya utafiti. Ikigonga saa 1 mimi si msomi tena, ni mtu wa bajeti, funguo na paa linalovuja. Naandika makala juu ya Jeeves, mtumishi anayemnasua bwana wake Bertie Wooster kila akikwama. Aliyekua na hadithi za Abunuwasi hapati shida kumwelewa.

Saa 3 asubuhi. Kikao cha bajeti. Bei za majarida ya kielektroniki zinapanda, fungu letu liko palepale. Wanataka rafu za ghorofa ya pili zipungue, wanafunzi wapate meza. Hata mimi nazitaka hizo meza.

Saa 5. Kupalilia. Ndivyo wakutubi tunavyoita kazi ya kuondoa vitabu. Mezani ipo orodha ya nakala za ziada iliyotolewa na programu, inangoja saini yangu. Kalamu ikasimama kwenye *Jeeves and the Tie That Binds*, New York, 1971. Programu inasema ni nakala ya *Much Obliged, Jeeves*, London, mwaka huohuo, kwa hiyo moja itoke. Kosa lake naliona lilikotoka: katalogi huyaunganisha majina hayo mawili, na inafanya vyema, maana vitabu vingi vya Wodehouse vilibadilishwa jina vilipovuka Atlantiki. *Right Ho, Jeeves* ya 1934 ilitoka Marekani ikiitwa *Brinkley Manor*.

Ila hawa pacha hawaishii pamoja. Watumishi wa klabu ya Jeeves wana daftari la siri za mabwana zao, na za Bertie zimejaza kurasa 18. Katika toleo la Marekani, Jeeves anamwambia mwishoni kwamba ameziharibu. Toleo la London halina maneno hayo. Kwangu mimi mwisho wa Marekani umezidi sukari. Lakini anayeuliza kama Jeeves anatumikia kwa mapenzi au kwa kushika mpini, jibu lake limo humo, na mkutubi hapalilii mwisho asioupenda.

Saa 8 mchana. Nimeisimamisha orodha. Nimemwomba mwenzangu wa makusanyo akague mji wa uchapishaji na idadi ya kurasa kabla kitabu hakijaitwa nakala. Akahema. Ni wiki tatu za kazi, na meza zitasubiri.

Saa 10. Paa.

Saa 3 usiku. Makala haiandikiki. Nimefungua orodha ya mwaka jana, ile niliyoitia saini kabla ya likizo, mistari zaidi ya elfu moja, bila kuisoma. Nikaandika "Brinkley" kwenye kisanduku cha kutafutia.

Mstari wa 612. Kimeondolewa.