Tulivyokimbia Temeke kwa ajili ya wagonjwa wa uvimbe kwenye ubongo

Kwetu Temeke klabu ya jogging haiishii kwenye mazoezi. Ndiyo inayokwenda kuzika, ndiyo inayochangia harusi, ndiyo inayojua nani hajaonekana barabarani na kwa nini. Kwa hiyo dada yangu alipofanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ambayo hupasua pia ubongo, na mimi nikaamua kuandaa mbio za kuwachangia wagonjwa wengine wa aina yake, wakimbiaji nilikuwa nao tayari. Kazi ilikuwa kuwaeleza wanakimbilia nini.

Dada aliugua muda mrefu kabla ya kujulikana anaumwa nini. Alikuwa akiamka kichwa kinamgonga, anatapika, kisha kadiri jua linavyopanda anapata nafuu na kurudi kwenye biashara yake ya chakula. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi. Siku alipoanguka degedege, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, wapo ndugu waliosema ni mashetani, akapelekwa kwa mganga. CT scan ilikuja mwisho kabisa. Uvimbe wenyewe ulikuwa meninjioma, aina inayoota kwenye utando unaofunika ubongo na inayowapata zaidi wanawake. Haukuwa saratani. Lakini fuvu ni mfupa uliofungwa pande zote, na chochote kinachoota ndani yake kitaubana ubongo, kiwe saratani au kisiwe. Hilo watu wengi hawalijui, na mimi pia sikulijua hadi daktari aliponieleza.

Tulichagua Jumapili iliyo karibu na tarehe 8 Juni, Siku ya Uvimbe wa Ubongo Duniani, iliyoanzishwa mwaka 2000 na chama cha Wajerumani kinachowasaidia wagonjwa hawa. Juni Dar es Salaam ni mwezi mzuri wa kukimbia: masika imepita na joto limepungua. Rangi yetu ilikuwa kijivu, kwa sababu utepe wa ugonjwa huu duniani kote ni wa kijivu. Vibali havikutusumbua. Barua ilianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikaenda polisi ikiwa na njia yetu na saa zetu, na askari wa usalama barabarani wakapangwa kwenye vivuko.

Kwenye fedha ndiko nilikotumia muda mwingi, na ningemshauri yeyote afanye hivyo. Fulana ya kuchapisha Kariakoo, ukinunua nyingi, ilitugharimu shilingi 7,000. Ukimtoza mtu 10,000 pamoja na fulana, kinachobaki kwa mgonjwa ni 3,000, na hapo hujanunua hata chupa ya maji. Tukaamua kukimbia ni bure, fulana anailipia anayeitaka kwa bei ileile tuliyonunulia, na mchango unasimama peke yake. Kila mkimbiaji alitafuta watu wa kumwahidi fedha kwa kila kilomita. Njia ilikuwa ya kilomita 5, hivyo aliyeahidiwa 2,000 kwa kilomita alijua akimaliza ana 10,000 za kukusanya. Klabu tulizozialika zilikuja na bahasha zao, kama ilivyo desturi yetu ya kualikana. Medali hatukununua. Watu wa Temeke hawaamki alfajiri kwa sababu ya medali.

Fedha zote ziliingia kwenye Lipa Namba ya klabu. Mhazini alikuwa mama mmoja anayeshika vitabu vya kikoba na anayeogopwa kwa hesabu zake. Hatukumpa mgonjwa yeyote fedha mkononi. Maofisa ustawi wa jamii wa hospitali ndio wanaowajua wagonjwa walioshindwa kulipa. Wao walituonyesha bili, tukalipa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya hospitali, na risiti zikawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp baada ya kufunika majina. Picha za wagonjwa hatukuweka hata moja. Nimeona mara nyingi mtoto mwenye kichwa kilichovimba akisambazwa mitandaoni ili watu wachange, na moyo unaniuma kila mara. Mtoto yule atakua, na picha itamfuata shuleni.

Sasa uelewa. Nilikuwa nimesoma kuhusu kampeni ya Uingereza iitwayo HeadSmart, iliyoanza 2011. Waliwagawia wazazi na madaktari kadi ndogo zenye dalili za uvimbe wa ubongo wa watoto. Muda wa wastani kati ya dalili ya kwanza na kugunduliwa kwa ugonjwa ulikuwa zaidi ya wiki 14, ukashuka hadi chini ya wiki 7. Na kadi zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Nikamfuata sista wa zahanati ya jirani, nikamwomba tuandike ya kwetu. Alikubali kwa sharti moja.

“Kaka yangu, usiwatishe watu. Kichwa kikiuma peke yake, mara nyingi si uvimbe. Waambie waangalie kinachofuatana nacho.”

Ndivyo tulivyoiandika. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kutapika, kwa sababu mtu akilala shinikizo ndani ya fuvu hupanda. Degedege kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuwa nayo. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea. Kuona vitu viwili viwili. Kuyumba. Tabia kubadilika ghafla hadi nyumbani wanashangaa. Kwa mtoto mchanga, kichwa kinachokua haraka na utosi uliotuna. Nyuma ya kadi tukaweka njia ya kupita: zahanati kwanza, omba rufaa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, kisha MOI, na anayehitaji mionzi hupelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani.

Kadi mtu anaweza kuitia mfukoni akaisahau. Wimbo wa mchakamchaka hausahauliki. Nani kati yetu hakumbuki nyimbo alizokimbia nazo shule ya msingi? Kwa hiyo dalili zilezile tukazitia kwenye wimbo, kiongozi anatoa, kundi linaitikia:

“Kichwa cha alfajiri!” “Kapime!”
“Na kutapika nako!” “Kapime!”
“Degedege ukubwani!” “Kapime!”
“Mkono umelegea!” “Kapime!”
“Macho yaona mbilimbili!” “Kapime!”

Tuliondoka uwanja wa Mwembe Yanga jua linachomoza, tukaelekea Chang'ombe na Uwanja wa Mkapa. Njiani watoto wa mitaa tuliyopita walikuwa wanaitikia “Kapime!” kabla yetu, na akina mama waliokuwa wakichoma vitumbua walisimama kusikiliza. Dada hakukimbia, mkono wake wa kushoto bado hauna nguvu kamili, lakini uwanjani alishika kipaza sauti akaeleza mwenyewe jinsi alivyopelekwa kwa mganga kabla ya hospitali. Uwanja ulinyamaza. Hakuna hotuba ya mgeni rasmi ambayo ingefanya kazi ile.

Wakati watu wanakunywa supu, mwanamke mmoja alinivuta pembeni. “Kaka, mume wangu anaamka na kichwa kila siku, na anaona ukungu. Ndiyo huo?” Nilimwambia mimi si daktari, nikamwongoza kwa sista. Mumewe alipopimwa, alikutwa na presha iliyopanda vibaya sana, na hakuwa akijua. Ameanza dawa. Hakuwa na uvimbe, lakini naihesabu ile kama faida ya mbio zetu sawasawa na kila bili tuliyolipa.

Baadaye klabu za Mbagala zilituomba wimbo, tukawapa na maneno ya kadi wakachapishe zao. Mwaka huu tumeongeza meza ya kupima presha uwanjani kabla ya kuondoka, na kadi nyingi zaidi zitakwenda kwenye vijiwe vya bodaboda, maana madereva ndio wanaogongewa mlango alfajiri mgonjwa akizidiwa.