Jeni ya dawa ya mama ilivyonipotea kwenye kongosho

Mama yangu, hapa Ujiji, humeza glibenklamaidi kila asubuhi kwa ajili ya sukari. Siku moja alimeza, wageni wakaingia, chai ikasahaulika. Saa nne tukamkuta anatetemeka, jasho limelowesha kanga. Maji ya sukari yakamrudisha.

Sababu yake nilikuja kuielewa nikiwa shahada ya uzamili. Seli za beta za kongosho zina vijilango vya potasiamu. Sukari ikipanda vinajifunga, chaji ya seli inabadilika, kalsiamu inaingia na insulini, homoni ya kushusha sukari, inamwagwa. Hiyo dawa inavifunga hata kama sukari haijapanda. Kijilango chenyewe kinajengwa na jeni mbili, KCNJ11 na ABCC8.

Basi nilipopewa kazi ya kuchora jedwali la rangi kuonyesha jeni za milango ya ayoni (chembe zenye chaji, kama potasiamu na kalsiamu) zinawaka wapi mwilini na wapi zimezima, safu ya kongosho niliiona ya kupita tu.

Nilitumia data za GTEx, mradi wa Marekani uliopima tishu 54 za binadamu. Faili kubwa sikuligusa, bando lingekata njiani. Kuna dogo lenye thamani ya kati ya kila jeni kwa kila tishu, kwa kipimo cha TPM: katika kila nakala milioni moja za RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa inapowaka, ngapi ni za jeni hiyo. Nikalishusha usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi.

Picha ya kwanza ilikuwa aibu. Jeni chache zenye namba kubwa zilimeza rangi yote, kwingine kweupe kama shuka. Nikaongeza moja kwenye kila namba, nikachukua logi, kisha kila jeni nikailinganisha na yenyewe tu, tishu kwa tishu. Hapo ikaanza kusomeka: SCN5A moyoni, dada yake SCN4A kwenye misuli ya mifupa, KCNJ1 kwenye figo, RYR2 moyoni na RYR1 misulini. Hata kwa panya, jeni nyingi zinabaki palepale, ingawa moyo wake, unaopiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, hauitegemei KCNH2, jeni nyingine ya mlango wa potasiamu, kama wetu.

Kongosho sasa. KCNJ11 ilikuwa hafifu kabisa! Misuli na moyo vimeipita mbali. Nilikagua majina ya safu mara tatu, nikidhani nimehamisha namba. Umeme ukakatika katikati, nikalala na hasira.

Asubuhi nikaenda sokoni Mwanga, buchani.

"Kaka, kongosho lipo?"

"Hili? Hili tunawapa mbwa. Chukua bure."

Nikalipasua jikoni, mama akiniangalia kama niliyechanganyikiwa. Nyama laini, yenye vinundunundu, rangi ya waridi iliyofifia. Visiwa vya Langerhans, vile vikundi vidogo vinavyobeba seli za beta, huvioni kwa macho, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ni kama asilimia 1 au 2 tu ya kongosho zima. Sehemu kubwa iliyobaki ni seli za kutengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula. Tishu ikisagwa yote pamoja, RNA ya vimeng'enya inafurika na ya seli za beta inazama humo. Jeni haikuwa imezima, ilikuwa imefunikwa.

"Baba, sasa hilo utalila?" mama akauliza.

"Hapana mama. Nimeshapata nilichokitaka."

Nikarudi kwenye data zilizopima seli mojamoja. Ukizichuja zile zenye jeni ya insulini, KCNJ11 na ABCC8 zinajitokeza pamoja. Moyoni na misulini KCNJ11 ipo pia, ila mwenzake huko ni ABCC9, ambayo haishikwi na dawa ya mama kwa nguvu ileile. Hili ndilo lililonifurahisha kuliko jedwali lote: mlango mmoja, bawaba tofauti.

Jedwali nililituma likiwa na safu mbili za kongosho, moja ya kiungo kizima na nyingine ya seli za beta. Msimamizi alijibu kwa mstari mmoja: sasa nenda kafanye hivyohivyo kwenye figo. Figo ina aina nyingi za seli kuliko nilivyodhani, na bando limeisha.