Chakula Kiko Wapi?

Nazi tatu, shilingi 18,000 za Uganda. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, soko la Nakasero hapa Kampala, na nililipa bila kubishana kwa sababu nilikuwa na wageni. Ninyi wa Tanga mnaojua nazi zinavyouzwa njia ya Muheza, pigeni hesabu wenyewe. Mimi nikiipiga naumwa. Nikapanda boda nimezikumbatia kama mayai.

Nyumbani nikakaa juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi, ile niliyotoka nayo kwetu, nikakuna. Nikachuja kwa kifumbu, kasimile, lile tui zito la kwanza, nikaiweka kando, tui la pili nikapikia wali. Wali ulipokaribia kukauka nikamwagia kasimile kidogo, nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko kama bibi alivyonifundisha, nikaacha uive taratibu. Mchuzi ulikuwa wa sato, samaki niliyemfuata Ggaba ziwani alfajiri, kwa ndimu, pilipili na kasimile iliyobaki. Nilipofunua, harufu ilinirudisha barazani kwetu mpaka machozi yakanilenga. Siongezi chumvi. Mtu aliyekaa mbali na kwao ananielewa.

Wageni walikuwa wawili: Mama Furaha, mwenyeji wa Bukavu, Kongo, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ambaye hapa kila mtu humwita Nalongo, maana amezaa mapacha, na kwa Waganda mama wa mapacha ana cheo chake. Nilikuwa na mwezi mmoja tu katika nyumba hii ya Kibuye na nilitaka ajue amepata jirani wa namna gani. Akanawa, akaketi mkekani, akalitazama sinia, akatazama mlango wa jikoni, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Musomesa, emmere eri wa?"

Mwalimu, chakula kiko wapi?

Nilidhani sikusikia. Mama Furaha, ambaye Luganda anakijua kuliko mimi, akainamisha kichwa. Nalongo hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anangoja chakula kiletwe ndipo aanze kula. Wali kwake ulikuwa kitu cha pembeni, na mchuzi ulikuwa mchuzi. Akala vijiko viwili vitatu kwa heshima, samaki akamsifu, akasema wali una mafuta mengi, akashukuru, akaenda kwake. Baadaye kidogo nikasikia sufuria zinagongana upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anapasha matooke, ndizi zao za kupika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimpigia simu dada yangu Tanga nikamweleza yote, bei ya nazi, makaa, samaki wa alfajiri, na yeye akawaka kuliko mimi. "Wali wa nazi si chakula? Watu wanaokula ndizi mbichi?" Nikamwunga mkono kwa maneno ambayo leo siwezi kuyaandika hapa.

Baada ya kukata simu ndipo nikamkumbuka msichana mmoja tuliyesoma naye chuo cha ualimu, Mhaya wa Bukoba. Kwao ndizi ndicho chakula, kama kwa Waganda. Kila tulipopewa ugali au wali alikula kidogo akaacha, halafu usiku alilalamika njaa, na sisi wa pwani tulimcheka mwaka mzima. Tulimwambia ndizi ni tunda, ukishiba unajaribu. Siku aliyoletewa mkungu kutoka kwao akatupikia bweni zima, ndizi na maharage, wengi tulionja kwa ncha ya kijiko. Alikuwa ametumia mkungu wote. Sikumbuki kama hata tulimsaidia kuosha sufuria. Sasa mimi niko ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, basi langu limepita kwao Kagera, migomba kulia na kushoto, na sikuwahi kumfikiria hata mara moja mpaka Nalongo aliponiuliza chakula kiko wapi.

Asubuhi yake, kabla jua halijatoka vizuri, mlango ukagongwa. Nalongo na mkungu mzima wa matooke begani kwa kijana, majani ya mgomba chini ya kwapa, kisu mkononi. Hakuomba radhi, na sidhani kama alijua kuna la kuombea radhi. Alisema tu kwamba jana aliona nyumba yangu haina matooke hata kidole kimoja, naye hakupata usingizi.

Basi hata yeye hakulala! Mimi nilikuwa nalia kudharauliwa, yeye upande wa pili wa ukuta anawaza kwamba mwalimu wa watu anakaa na njaa.

Ilikuwa sikukuu, shule imefungwa, kwa hiyo nikafundishwa siku nzima. Niwaeleze, kwa sababu wengi kwetu hudhani matooke ni ndizi za kuchemsha tu. Kwanza kumenya. Wao hawachubui kwa kuvuta kama sisi. Kisu kinapita juu ya ganda kama unamnyoa mtoto, na ndizi inatoka nzima, imeng'aa. Utomvu unaganda mikononi ukageuka mweusi, usipojipaka mafuta mapema utatembea nao siku kadhaa. Chini ya sufuria unapanga vikonyo vya majani ili ndizi zisiguse maji. Ndizi zinafungwa ndani ya majani, furushi linakazwa kwa ukambaa wa mgomba, linafunikwa kwa majani mengine, linapikwa kwa mvuke. Zikiiva, unalitoa furushi likiwa bado linafuka, unaliminya kwa viganja kupitia majani mpaka ndizi zote ziwe kitu kimoja laini cha manjano. Mikono yangu haikuweza. Nalongo aliliminya kama anambembeleza mtoto mchanga, hajikunji uso. Halafu linarudishwa kwenye moto mdogo, na hapo ndipo watu wa pwani tunapokosea, tunaona limeiva tunapakua. Kwao bado. Linaachwa likae na mvuke wake muda mrefu, mpaka jani liachie harufu.

Mara ya pili alinifundisha luwombo. Jani changa la mgomba, lisilochanika, unalipitisha juu ya moto lilegee na linukie moshi, unapunguza mshipa wake wa kati kwa kisu, unalikunja ndani ya bakuli, unatia kuku aliyekaushwa kidogo motoni, unamwagia mchuzi wa karanga, unafunga juu kama kifuko, unakipandisha juu ya matooke vikapikika pamoja. Waganda husimulia kwamba mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ndiye aliyeanza kupika hivyo mwaka 1887. Nalongo akiwa anafunga kifuko akaniambia mama yake alipika luwombo ya kuku maisha yake yote na hakuwahi kuionja. Zamani mwanamke wa Kiganda hakula kuku wala yai. Alimpikia mume na wageni. Nikamuuliza mama yake alijuaje chumvi imetosha. Akasema, kwa pua. Alikuwa akinusa tu. Kisha Nalongo akachukua paja la kuku, la kwanza kabisa, akanipa mimi.

Na mimi nikampa nini? Nikampa nazi. Alipoona kile kigoda chenye ulimi wa chuma akauliza jina lake, nikamwambia mbuzi, akatazama uani. Kwa Luganda mbuzi ni embuzi, yule yule wa kamba shingoni. Nikamkalisha juu yake akakuna. Nikamwonyesha kifumbu, chicha, tui, kasimile. Maneno hayo aliyashika kwa siku moja, na nataka mjue kwa nini jambo hilo lilinigusa. Kiswahili alichokuwa nacho Nalongo kabla yangu kilikuwa "lete", "toka" na "panda gari". Hilo la mwisho alilisikia akiwa msichana, miaka ya mwanzo ya 1980, askari walipokuwa wakizingira mitaa ya Kampala na kusomba watu kwenye malori. Watu wa rika lake wakikisikia Kiswahili mabega yanapanda. Serikali imeandika yake: Katiba ilirekebishwa 2005 ili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Hilo ndilo lililonileta mimi hapa. Lakini darasani wanafunzi huniuliza kama ni lugha ya wanajeshi, na jibu langu la kitabu haliwaingii. Nalongo, mwanamke aliyejifunza Kiswahili kwa hofu, siku hizi ananiita kutoka ng'ambo ya ukuta: "Musomesa, tui!" Namaanisha ninaposema kwamba sijawahi kufundisha somo lililonifurahisha hivyo.

Mnaotaka kuja, hasa walimu, nisikilizeni kidogo, maana ujumbe wenu ni mwingi. Mkataba uwe umeandikwa kabla hujakata tiketi. Shule moja iliniweka miezi miwili bila mshahara kwa maneno ya "wiki ijayo", na bila karatasi sikuwa na pa kwenda. Tarakimu za mshahara zisikuzuzue. Shilingi ya Tanzania ni nzito kuliko ya Uganda, kwa hiyo laki saba ya huku si laki saba ya kwenu. Njoo na mbuzi yako, kifumbu chako na kinu kama una nafasi; viungo usibebe, Nakasero vimejaa. Na ukiambiwa "posho", usifurahi ukadhani ni hela. Hapa posho ni ugali wa mahindi. Neno ni letu, kwetu ni mgawo au malipo, huku likawa chakula chenyewe, na wanafunzi wangu wanaokila na maharage siku nyingi za muhula hawataki kukiona wakiwa likizo.

Siku hizi tunapika pamoja Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa zamu ya nyumba. Mama Furaha analeta sombe, ambayo ni kisamvu chetu, lakini anatia mawese na samaki wa moshi, na mimi natia nazi na karanga. Tumebishana vikali. Yeye anasema nazi inaua ladha ya jani, mimi nasema mawese yanalifunika kabisa. Tulichokubaliana ni kutwanga mpaka lilainike na kuchemsha muda mrefu, maana jani la muhogo bichi lina sumu na wote wawili tulionywa na mama zetu kwa maneno yanayofanana. Mwezi wa sita tulipika sufuria mbili sawasawa tukamkalisha Nalongo awe hakimu. Akala zote mbili, polepole, akauliza kama kuna ya tatu yenye karanga tupu.

Kuna kaka mmoja wa Mombasa, dereva wa malori ya mizigo, ambaye hutuletea nazi akipita mpaka wa Malaba. Bei yake haiumi. Anachodai ni sahani ya kwanza, na ukoko wote ni wake, jambo ambalo mimi mpenda ukoko nalivumilia kwa taabu sana.

Wali wangu bado Nalongo hauiti emmere. Amejitahidi, ananipenda, lakini neno hilo halimtoki. Anakula sahani nzima siku hizi, anafuta mchuzi kwa kidole, anasema "webale kufumba", asante kwa kupika, kwa sauti ya kutoka moyoni, halafu akirudi kwake anapasha matooke. Nimeacha kuumia. Mimi nami nikila matooke saa saba, ikifika jioni naota wali.

Juzi Jumatano alikuja na mwanawe Babirye, pacha mkubwa, wakakaa wote wawili chini bila kusema kitu mpaka nikaogopa kuna msiba. Kumbe Babirye ana kwanjula mwezi wa kumi na mbili, ndiyo siku mchumba na ukoo wake wanapokuja kutambulishwa rasmi. Luwombo na matooke vitapikwa na shangazi zake, hiyo haina mjadala. Pilau kuna mpishi. Nalongo akasema anataka na sinia za "ule wali wa tui" zikae mezani katikati, karibu na furushi la matooke, na wageni wakiuliza ni nini atawaeleza mwenyewe. Babirye akaniambia mama yake amekuwa akilifanyia mazoezi jina lake usiku: wali wa nazi, wali wa nazi.

Wageni mia mbili. Nimepiga hesabu, nazi hazipungui arobaini, na yule kaka wa lori ameshakubali kuzibeba. Mimi, Nalongo na Mama Furaha tutaanza kukuna tangu usiku wa kuamkia siku yenyewe, na mbuzi ninayo moja tu. Kama kuna mtu anasafiri kutoka Tanga au Dar kuja Kampala kabla ya Desemba, namwomba anibebee mbuzi mbili za mbao ngumu, ulimi wake uwe mkali. Nitampokea stendi mwenyewe, na siku hiyo atakula kwangu.