Nilivyojifunza kufuata mbio za magari zenye madaraja manne

Kwa muda mrefu nilitazama kanda za zamani za ubingwa wa Uingereza wa mbio za magari bila kuelewa ninachokiona. Magari ya Ford Sierra yanaongoza, Sierra zinamaliza mbele, halafu mwisho wa msimu wa 1989 anayetawazwa bingwa ni John Cleland na Vauxhall Astra yake, gari ambalo siku zote nililiona kule nyuma. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, huyo wa nane anashangiliwa nini?" Sikuwa na jibu. Iliniuma, maana mchezo huu naupenda kwa dhati.

Nikaanzia kwenye kanuni. Enzi hizo magari yaligawanywa kwa ukubwa wa injini: daraja A lilikuwa la zaidi ya cc 2,500, B kuanzia 2,001 hadi 2,500, C kuanzia 1,601 hadi 2,000, na D cc 1,600 kushuka chini. Hapo nikakwama. Ford Sierra RS500 ina injini ya cc 1,993 tu, sasa imefikaje A? Kumbe ni turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini na kuiongezea nguvu. Injini yenye turbo ukubwa wake ulizidishwa kwa 1.7, hivyo Sierra ikahesabiwa kuwa na karibu cc 3,400. Yote manne yalianza mbio pamoja, kwenye barabara moja, lakini pointi ziligawiwa ndani ya daraja. Aliyeshinda D alivuna sawasawa na aliyeshinda A.

Kuijua kanuni ni jambo moja, kuiona mbio ikiendelea ni jingine. Mara ya kwanza nilijaribu kuandika nafasi ya kila gari kila mzunguko. Nilishindwa kabla ya mzunguko wa tano. Gari dogo likishapitwa mzunguko mzima na vinara, huwezi tena kujua kwa macho kama liko mbele ya mwenzake au nyuma yake.

Kilichonisaidia ni kuacha kumwangalia kiongozi. Nilichora safu nne kwenye karatasi, nikachukua penseli za rangi nne, na kila mbio nikachagua daraja moja tu. Magari yakipita mstari wa kumalizia, naandika namba za daraja hilo peke yake kwa mpangilio yanavyopita, mengine nayaacha yapite. Mbio ikiisha narudisha kanda mwanzo na kuchukua rangi nyingine. Mbio moja ilinichukua jioni nzima.

Baada ya wiki chache macho yalizoea. Nikaanza kuyatofautisha hata kabla ya kusoma namba. Pale Brands Hatch, uwanja wa mbio wa Uingereza, kwenye kona ya Paddock Hill inayoteremka ghafla kulia, dereva wa Sierra akiachia mafuta moto unachomoka kwenye bomba la moshi. Astra, inayovutwa na tairi za mbele, inainua gurudumu la nyuma la upande wa ndani, linabaki hewani gari likiwa limelala kwenye kona. Na pambano nililokuwa nalitafuta lilikuwa hapohapo siku zote.

Safu zangu zikanionyesha siri ya ubingwa. Daraja A lilikuwa na madereva wakali wengi, akiwemo Andy Rouse, bingwa wa miaka ya nyuma, wakawa wananyang'anyana pointi. Anayetawala daraja lake anakusanya karibu zote. Ndivyo Cleland alivyofanya na Astra yake, na ndivyo Chris Hodgetts alivyochukua ubingwa wa 1986 na 1987 kwa Toyota Corolla ndogo ya cc 1,600. Wapo wanaosema huo si ubingwa halali. Sikubaliani nao: dereva hupimwa na wale wenye chombo kama chake. Ila nakiri kwamba daraja lenye magari machache lilitoa pointi kwa bei rahisi mno.

Tena suala hili la kuwapima madereva wenye magari tofauti lina umri sawa na mashindano yenyewe. Mwaka wa kwanza, 1958, Jack Sears na Tommy Sopwith walimaliza msimu wakiwa na pointi sawa, mmoja na Austin, mwingine na Jaguar. Wakapewa magari mawili ya Riley ya aina moja, wakakimbia mara mbili pale Brands Hatch, wakibadilishana magari katikati. Sears alishinda kwa jumla ya sekunde 1.6. Ningetoa chochote niwe nimesimama kando ya barabara siku ile.

Mwaka 1991 madaraja yaliondolewa, yakabaki magari ya lita 2 yasiyo na turbo. Mbio zikawa rahisi kufuata, na nzuri kweli, lakini mimi bado narudi 1989. Juzi mdogo wangu alichukua penseli ya kijani, akasema leo daraja C ni lake.