Spika za Honi za Zamani kwa Stereo ya Pili

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitafuta spika za stereo ya pili, ile ya chumba ninamosomea, na tangu mwanzo moyo wangu ulikuwa kwenye spika za honi za zamani. Honi ni mdomo unaopanuka taratibu kama wa tarumbeta, uliofungwa mbele ya kiwambo kidogo, yaani utando unaotetema ili kutoa sauti. Kiwambo kisicho na honi hupoteza nguvu nyingi kwa sababu hewa ni nyepesi mno na humkwepa anayeisukuma. Honi huibana hewa hiyo kooni, ikakipa kiwambo kitu cha kusukuma, kisha ikaliachia wimbi lipanuke kidogo kidogo hadi likutane na hewa ya chumba. Ndiyo maana spika hizi huitika upesi, na mpigo wa ngoma hutoka ukiwa mzima hata sauti ikiwa chini.

Ilinibidi kukubali mapema kwamba mwenye kuchagua si sikio peke yake, bali pia chumba. Sauti nzito ya Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8, na honi ya kubeba besi ya namna hiyo inahitaji mdomo mkubwa kuliko nyumba nyingi zinavyoweza kuhimili. Mhandisi Mmarekani Paul Klipsch aliitatua shida hiyo mwaka 1946 kwa Klipschorn, spika ambayo honi yake ya besi imekunjwa ndani ya kasha na ambayo hutumia kuta mbili za kona kuendeleza mdomo wake. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, lakini unadai kona mbili zilizo kamili, na chumba changu kina moja tu, kwa kuwa ya pili imeliwa na mlango. La Scala, spika nyingine ya Klipsch ya mwaka 1963, haidai kona, ila besi yake huanza kuishiwa nguvu karibu na Hz 50, na midomo yake mitatu inataka msikilizaji akae mbali kidogo ili sauti ziungane kabla ya kumfikia. Mimi hukaa mita 2 na nusu tu kutoka kwenye spika. Zile za kampuni ya Altec ziitwazo Voice of the Theatre sikuzifikiria hata kidogo, maana zilitengenezwa kujaza ukumbi wa sinema.

Nikaishia kwenye Heresy, nayo pia ya Klipsch, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1957. Sauti za kati na za juu hupita kwenye honi, na besi hutolewa na wufa (spika ya besi) ya kawaida ya inchi 12 ndani ya kasha lililozibwa, ambalo urefu wake haufiki sentimita 60. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni honi nusu. Kwa chumba kidogo naona nusu hiyo ndiyo iliyo sahihi, kwa sababu yale yanayoifanya sauti ya mwimbaji isikike wazi hukaa zaidi kwenye masafa ambayo honi huyashughulikia vizuri. Tena spika hizi hutoa takribani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 kwa wati 1, ilhali zile za sebuleni hutoa 86. Tofauti ya desibeli 10 ina maana kwamba sauti ileile inapatikana kwa sehemu moja ya kumi ya nguvu, na amplifaya yangu ndogo ya taa, yaani ya vali za kioo, yenye wati 8, inatosha na kubaki. Hata hivyo, spika inayokuza muziki hukuza na mvumo. Amplifaya ambayo sebuleni ilionekana kimya ilisikika ikinguruma, nami nikalazimika kurekebisha waya wake wa ardhi kabla ya jambo lingine lolote.

Jozi niliyoinunua ni ya miaka ya sabini, na aliyeniuzia aliniambia kwamba haina hitilafu. Nyumbani niliweka rekodi ya sauti moja isiyo na ala, nikaigeuza iwe mono ili spika zote mbili zitoe sauti ileile, kisha nikasogeza sikio hadi umbali wa shubiri moja kutoka kila mdomo. Upande wa kushoto herufi “s” ilitoka kali na safi, lakini kulia ilikuwa kama imemezwa. Nilichomoa waya za twita, yaani spika za sauti za juu, na kupima koili zake kwa multimita, nikakuta zimelingana, kwa hiyo nikazielekea kapasita za krosova (saketi inayogawa sauti za juu, za kati na besi), ambazo huchoka kwa umri hata kama spika haikutumika. Nilibadilisha za pande zote mbili kwa thamani ileile, kwa kuwa kubadilisha upande mbovu peke yake ni kuzifanya spika mbili zisifanane tena. Herufi “s” ikarudi.

Uwekaji ulinichukua majuma mawili. Nilizikalisha sakafuni juu ya viti vyake vya mbao vinavyozielekeza juu kidogo, karibu na ukuta, kwa sababu ukuta na sakafu huipa besi nguvu ambayo kasha dogo halina. Ile iliyo konani ilianza kuvuma kwenye noti moja, nikaivuta mbele sentimita 5 kila mara hadi mvumo ukaisha, kisha nikaivuta na mwenzake kiasi hichohicho. Baadaye nilizigeuza zielekee ndani zaidi ya ilivyo desturi, hadi mistari yake ikapishana kama nusu mita mbele ya kiti changu. Faida yake ni kwamba anayekaa upande wa kushoto huwa karibu na spika ya kushoto, lakini honi inayomlenga sawasawa ni ya kulia, hivyo mwimbaji habanduki sana katikati. Nilijaribu kukaa pande zote mbili za kiti kirefu, na kweli alibaki pale.

Nimezizungushia alama ya chaki sakafuni, ili zikiondolewa wakati wa kufagia zirudi palepale.